Za Kichwani au za Masikioni

6 Februari

Babu, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kwenye kiti chako cha dirishani na si kwenye ngazi za maktaba umebeba marundo, maana tulikubaliana vitabu vizito wabebe vijana. Sisi huku hatujambo. Mama kifua kimepoa. Mdogo wako, Bibi Kipaza, ni yuleyule: jana alikuwa akimnong'oneza Mama habari za jirani, jirani akamjibu akiwa nyumbani kwake. Paka amezalia ndani ya beseni la nguo safi. Mlango wa uani bado unalia kila ukifunguliwa, na kila mtu bado anasema kesho atautia mafuta.

Jumapili tulikupigia. Simu iliita mpaka ikachoka yenyewe. Mama amenuna kidogo, na anauliza pia ile safari yako ya kuja imeishia wapi. Mimi nimemwambia wewe ni mtu wa kalamu, tukuandikie.

Sasa niseme lililonileta. Nimepata kazi kwenye maabara ya meno ya bandia. Nachonga magego ya watu nisiowajua. Kutwa nzima mashine ya kusagia inalia kando ya shavu langu, kisha napanda treni kurudi, na humo kuna watu wanaoongea na simu kana kwamba mwenzao yuko ng'ambo ya mlima. Nataka kitu cha masikioni, nipate muziki wangu na vitabu vya kusikiliza. Muuza duka ananiambia hedifoni, zile kubwa za kuvaa kichwani. Mwenzangu kazini anasema iafoni, zile ndogo za kuchomeka. Wewe ulikuwa fundi mitambo redioni miaka chungu nzima kabla hujahama, ulikula na kulala na hedifoni. Nimuulize nani mwingine?

Mkeo mdogo,
Mchonga Meno

*

27 Februari

Mke wangu mdogo,

Marahaba, na hongera kwa paka. Mimi mzima. Juzi tumeletewa kamusi isiyo na mgongo, nimeishona upya kwa uzi wa kitani, na gundi bado inanuka kwenye vidole vyangu ninapokuandikia. Maktaba wamenipa taa mpya ya mezani. Wanadhani ninachohitaji ni mwanga.

Kuhusu simu, mwambie mama yako asinune. Laini za huku ni mbovu, zinakatakata maneno. Barua ina adabu, haimkatizi mtu.

Haya, masikio. Mimi hedifoni nilizivaa hadi nywele zikafanya mfereji katikati ya utosi, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kwanza, usimwamini muuza duka, wala mimi. Hakuna anayekununulia kiatu kwa kupima unyayo wake mwenyewe. Nenda dukani uzivae, utembee nazo, utafune kitu, utikise kichwa kama msichana anayekataa posa. Zilizo nzuri ni zile utakazosahau kuwa umezivaa. Za kichwani zina sauti pana na hazimwonei mwenye tundu jembamba la sikio, ila kwenye joto zitakupikia masikio yote mawili. Za kuchomeka zinaenea mfukoni, lakini vile vimpira vyake vina saizi, na watu wengi huvaa saizi waliyoikuta kwenye boksi, mwaka mzima wanalalamika zinadondoka. Badilisha kimpira kabla hujabadilisha iafoni. Zisizo na waya ni tamu mpaka chaji iishe katikati ya safari, nawe nakujua, wewe ndiye uliyesahau viatu shuleni ukarudi peku.

Zile zinazozima kelele zote za nje usizivae barabarani wala stesheni. Acha mwanya, dunia nayo ipate pa kupitia.

Na usichague kwa aibu. Usichukue ndogo ili zisionekane, wala kubwa ili zionekane. Masikio ni yako. Wanaotazama watafute kazi nyingine ya macho yao.

Mumeo mzee,
Babu

*

20 Machi

Babu,

Shikamoo. Mama anakusalimu, ameona hukujibu kuhusu safari na amesema "sawa" kwa ile sauti yake unayoijua. Watoto wa paka wamefumbua macho. Bibi Kipaza amewapa majina ya maadui zake wote.

Nilienda dukani. Nilitikisa kichwa kama ulivyoagiza, mteja mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikachukua za kichwani. Babu, nilionekana kama rubani aliyefukuzwa kazi. Siku ya kwanza nikapitishwa stesheni yangu kwa sababu sikusikia tangazo. Halafu kumbe nilikuwa naimba! Sikujua. Kijana aliyekaa mbele yangu, fundi wa lifti, begi la vifaa miguuni, alinigusa bega. Nikavua hedifoni. Akasema, "Samahani dada, ubeti wa pili umeuruka."

Nikarudi dukani, muuza duka akanibadilishia kwa shingo upande. Sasa nina iafoni za kuchomeka, za waya, vimpira vidogo kabisa, na nakiri ulisema kweli: nazisahau kuwa nimezivaa. Juzi nimeoga na waya unaning'inia shingoni. Kwenye treni nasikiliza kwa upande mmoja tu siku hizi. Unatosha.

Kwa kuwa simu huitaki na vidole vyangu vimejaa plasta ya kuundia meno, nimekuwekea memori kadi ndani ya bahasha. Ichomeke kwenye kile kiredio chako. Yumo Bibi Kipaza, wamo paka, na mwishoni limo jambo langu. Siwezi kuliandika, maana barua hupelekwa posta na Mama, na Mama hufunua bahasha kwa mvuke kama shushushu. Tafadhali, jambo hilo nijibu kwanza kabla ya mengine.

Mchonga Meno

*

15 Aprili

Mke wangu,

Marahaba. Kadi imefika salama, haikukunjika. Asante kwa sauti za nyumbani. Zimenifurahisha sana mtu mzima kama mimi.

Jambo lako la mwishoni nimelipokea. Ni jambo zito, linataka subira na akili. Fuata moyo wako, lakini usiuache utangulie peke yake. Hayo ndiyo yangu.

Sasa tuzungumze mambo ya msingi. Umeandika kwamba unasikiliza kwa upande mmoja tu. Mimi ni fundi, nijuavyo mimi iafoni haifi upande mmoja ikiwa na mwezi mmoja, labda iliwe na panya, na nyumbani mna paka wengi. Hivyo upande wa pili ni mzima, na uko mahali. Waya wa iafoni ni mfupi. Hicho kilichoko upande wa pili kitakuwa karibu sana na bega lako. Je, kina begi la vifaa miguuni?

Nimeshangaa pia kuona hukuniambia sifa hiyo ya iafoni wakati unanishukuru: za kichwani haziwezi kugawanyika. Mume mzee hujua mambo haya mwisho kabisa.

Wiki hii tunajalidi magazeti ya zamani. Karatasi zimekauka, ukizigeuza hazitoi hata mlio.

Mumeo anayechunguza,
Babu

*

9 Mei

Babu,

Shikamoo.

Nimesoma jibu lako mara tatu. Linafanana na lile la mnajimu wa gazetini: ungelipeleka kwa mtu yeyote mwenye swali lolote, lingemtosha. Nilikuuliza kitu ambacho jibu lake ni ndiyo au hapana. Kuna mtu ananiangalia usoni kila asubuhi stesheni kuona kama barua imefika, na mimi nimwambie nini? Kwamba babu anasema lina uzito? Hata mizigo ya lifti ina uzito, na yeye huijua kwa kilo.

Tena hukusema neno moja juu ya Bibi Kipaza, na kwenye ile kadi alikutukana dakika nzima kwa mapenzi. Ningekuwa wewe ningejibu mapigo.

Jumapili amekupigia kwa simu yake. Nilikuwa chumba cha pili na mlango umefungwa, nikasikia upande wake wote wa mazungumzo. Mliongea mpaka chakula kikapoa. Nikamuuliza laini ilikuwaje. Akasema, "Safi kabisa, kaka yangu ananisikia kama niko naye jikoni." Basi nikawa nawaza. Laini inayotukatakata sisi sote inamheshimu Bibi Kipaza peke yake.

Nimekuwekea kadi nyingine. Ni fupi. Nimesema mambo matatu, na nimeomba kwamba usipokubaliana nalo lolote uniandikie. Usiponikatalia, nitahesabu umekubali. Barua hii nimeipeleka posta mwenyewe.

Mchonga Meno

*

2 Juni

Mke wangu mkali,

Marahaba, na pole kwa hasira. Umerithi kwa mama yako, aliyerithi kwa mtu ambaye sitamtaja.

Nimesikiliza kadi yako ya pili kwa makini, mwanzo hadi mwisho, na nasema wazi: nakubaliana na kila neno. Umeongea kama mtu mzima. Mambo yote matatu yana busara, hasa la pili. Sina la kupunguza.

Bibi Kipaza mwache. Yeye ana simu nzuri.

Huku siku zimekuwa ndefu. Natembea kutoka kwenye basi hadi kazini kwa kupitia bustani, na mwenye mbwa mkubwa ambaye tumesalimiana miaka yote amebadilika, siku hizi anasalimia kwa kusogeza midomo tu. Watu wa huku wamekuwa wanong'onaji. Sijui ni mtindo.

Vimpira vya iafoni vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Usivitie spiriti.

Mumeo mtiifu,
Babu

*

24 Juni

Babu yangu,

Shikamoo. Kaa chini kabla hujaendelea.

Nakuandikia hapa uliyoyakubali, neno kwa neno, kama nilivyoyasema kwenye kadi ya pili.

La kwanza: kwamba vitabu vyako vyote ulivyoviacha kwenye kabati la ukumbini tumempa mwenye duka la vyuma, achane kurasa za kufungia misumari.

La pili, ambalo umelisifu hasa kwa busara: kwamba Bibi Kipaza anaolewa na mpiga tarumbeta, na wote wawili wanahamia kwako, kwenye kile chumba chako kimoja.

La tatu: kwamba utaenda kwa daktari wa masikio kabla mwezi haujaisha.

Nilicheka niliposoma "sina la kupunguza". Nilicheka mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini, na nilipotaka kumweleza sikuweza, machozi yakawa ya aina nyingine. Babu, tangu lini? Na hao wanong'onaji wa bustanini, hakuna mtindo wowote. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwambia mtangazaji kwamba kiti chake kinalia kabla yeye hajakaa.

Mambo mawili ya kwanza nakusamehe. Vitabu vyako vipo, nimevipangusa vumbi. La tatu ulilikubali kwa maandishi na sahihi yako.

Najua utakachofanya. Utaenda, utaonyeshwa vifaa vya kusikia, na utataka kile kidogo kuliko vyote, cha kuingia ndani kabisa ili wa maktaba wasikione. Basi naomba nikukumbushe maneno ya fundi mmoja ninayemheshimu. Usimwamini muuzaji. Kivae, utembee nacho, utafune kitu. Badilisha kimpira kabla hujabadilisha kifaa. Uliza chaji inakaa muda gani. Na usichague kwa aibu. Masikio ni yako, wanaotazama watafute kazi nyingine ya macho yao.

Swali langu unalijua, umeshalikisia, wewe si mtoto. Fundi wa lifti ameomba kuja nyumbani kujitambulisha, na ameomba kwa sauti yake mwenyewe kwenye ile kadi ya kwanza, tuliyoirekodi akiwa amesimama nje ya mlango wa uani. Mama anasema hakuna atakayemfungulia sebule mpaka mkubwa wa ukoo amsikie. Amsikie, Babu. Hakusema asome habari zake. Kwa hiyo usinijibu kwa kukisia. Tutasubiri.

Mkeo,
Mchonga Meno

*

1 Agosti

Babu,

Shikamoo. Hakuna barua. Bibi Kipaza naye anasema hupokei hata simu yake. Kama nimekukosea kwa ule mtego, nitukane, lakini andika. Fundi ameacha kuniuliza asubuhi. Anakaa tu, sikio lake upande wa kushoto, langu kulia, na tunasikiliza bila kuongea. Jana wimbo uliisha na hakuna aliyebonyeza mwingine.

Tuma hata karatasi tupu. Nitajua mkunjo wako.

M.

*

19 Agosti

Mke wangu,

Marahaba. Hukunikosea. Nilinuna, halafu nikatafuta wa kumlaumu, nikakuta chumbani niko peke yangu.

Umeuliza tangu lini. Sijui, na hilo ndilo linalonichekesha sasa. Nilipoanza kupoteza maneno ya watu wa huku nilidhani ni ugeni wangu. Aliyehama ana udhuru huo, hautozwi chochote: asichokisikia anasema ni lugha yao, ni lafudhi yao, ni jinsi walivyo. Nimeutumia muda mrefu. Nilikuja kushtuka siku mama yako alipopiga simu akaniambia jambo, nami nikakuta kwamba hata yeye anaongea kigeni. Siku ile ndiyo laini ikawa mbovu. Ndiyo maana na safari ile nimekuwa nikiisogeza. Ningekaa sebuleni kwenu, wote mnaongea kwa pamoja, na mimi natikisa kichwa kama mjusi ukutani, nakubali kila kitu. Umeshaona nikikubali kila kitu huwa inakuwaje.

Nilienda kliniki na barua yako mfukoni. Msichana wa pale alinitolea viwili mezani, juu ya kitambaa: kimoja kikubwa kidogo, cha kukaa nyuma ya sikio, na kimoja mfano wa punje ya mahindi, cha kuzama ndani. Mkono wangu ulienda kwenye punje wenyewe. Nikakivaa, nikatembea nacho hadi dirishani, nikatafuna biskuti niliyokuja nayo, nikatikisa kichwa. Akaniuliza kama naumwa. Punje ikadondokea kwenye kiatu.

Basi nimechukua cha nyuma ya sikio. Kinaonekana. Kina rangi ya kijivu na kimpira saizi ya kati, ambayo tumeipata baada ya kubadilisha mara kadhaa, na betri yake unabadilisha mwenyewe bila kumwomba mtu. Nikikisogezea kiganja kinapiga mbinja. Kazini hakuna aliyesema neno isipokuwa mkuu wangu, ambaye alisema, kwa sauti niliyoisikia vizuri mno, "Hatimaye." Mbwa wa bustanini ana kengele shingoni. Miaka yote hii, ana kengele. Na magazeti yale ya zamani, ukigeuza kurasa, yana mlio kama mvua inayoanza.

Kadi ya kwanza niliiweka leo ndani ya basi, kiredio nimekishika karibu na sikio kama kijana mhuni, abiria wote wanakodoa macho. Bibi Kipaza ilibidi nimpunguze sauti, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mtu yeyote mwaka huu. Mwambie matusi yake nimeyapata na majibu yanakuja kwa barua ya rejista. Nikawasikia paka. Kisha nikamsikia huyo fundi wako. Sauti inatetemeka kidogo, nzuri lakini, haina kiburi, na anavuta pumzi kabla ya neno "Mzee". Alikuwa amefika kwenye sentensi yenyewe, "Mzee, naomba ruhusa yako nije ni...", na hapo mtu akafungua mlango wa uani.

Mke wangu, niliusikia wote. Unaanza chini, unapanda, unakwama kidogo katikati pale bawaba ya juu ilipopinda, halafu unamalizia. Siku niliyohama nilitoka kwa kupitia uani ili nisiamshe watu, na huo mlango ndio pekee ulionisemesha. Nilipitishwa kituo changu. Nikapitishwa na cha pili, maana niliurudisha nyuma na kuusikiliza tena, na fundi wa watu nikamwacha amekatwa katikati ya ombi lake.

Baadaye nikamsikiliza hadi mwisho. Jibu langu ni ndiyo. Aje, mama yako amfungulie sebule, mumpe kiti kisicholegea. Mimi kama mume wa kwanza natoa talaka kwa moyo mkunjufu, mradi nibaki na haki ya kukutania. Na Jumapili nipigieni simu. Bibi Kipaza akae nayo mbali.

Ila nimemsikia pia akisema, kwa kujipendekeza, kwamba akija atakuja na mafuta ya lifti autibu ule mlango. Hapana. Mwambie mafuta yake abaki nayo. Nimeshauliza tarehe za tiketi, naja kabla mwaka haujageuka. Nitapitia uani, nitausukuma mwenyewe, na nataka mlango wenyewe uwaambie wote waliomo ndani nani ameingia.

Mumeo mstaafu,
Babu